Keki ya miaka 70 iliyomtoa mama mkwe mezani

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Bursa, Uturuki, ila kwetu ni Tanga. Nilikuja huku kusoma kwa ufadhili wa serikali yao, nikamaliza, nikaolewa na Mturuki niliyesoma naye. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa. Tunakaa ghorofa ya tatu na mama mkwe yuko ghorofa ya kwanza ya jengo hilo hilo, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba mimi mkwe nimepata. Yeye ndiye aliyenifundisha kusukuma unga wa börek, pai yao ya matabaka, mpaka ukiuinua unaona mkono upande wa pili. Namwita anne, yaani mama, kama wanawe wanavyomwita.

Nyumba hii kwa siku za kuzaliwa haina mchezo. Mtoto wa shemeji akitimiza mwaka, keki. Mume wangu alipofika 35, keki, na poğaça, vimikate vyao, na kısır, saladi yao ya ngano, na chai isiyokwisha. Taa zinazimwa, watu wanaimba "iyi ki doğdun", yaani heri ulizaliwa, kwa sauti ile ile ya wimbo tunaoimba kwetu, mhusika anafumba macho, anaomba jambo moyoni, anapuliza mishumaa. Anayehangaika jikoni siku zote hizo ni mama mkwe. Ila siku yake mwenyewe sijawahi kuiona.

Mwaka jana nilimpeleka hospitali kupima macho, nikawa nimeshika kitambulisho chake: Hatice, 01.01.1955. Nikapiga hesabu palepale kwenye foleni. Kumbe Januari hii anafika 70 na hakuna anayesema neno! Shangazi, bibi yangu mzaa mama alifariki hatujui kama alikuwa na miaka 80 au 95. Nikasema huyu mwenye tarehe kamili hapiti hivi hivi.

Dalili zilikuwepo, sasa ndiyo naziona. Kila tarehe mosi Januari simu yake inalia tangu asubuhi: benki inampongeza, kampuni ya simu inampongeza, duka la miwani linampongeza. Anazifuta moja moja kwa kidole gumba bila kuzisoma, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Na wifi yangu aliyeko Ujerumani nilipomwambia mpango wangu alinijibu, "Mama hapendi." Nikadhani ni aibu za utu uzima.

Basi nikaagiza keki ya ngazi mbili, imeandikwa "İyi ki doğdun Hatice Anne", na mishumaa ile ya namba, 7 na 0. Tulikuwa watu 14. Kaka yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita dayı, mjomba, alitoka upande wa pili wa mji na fimbo yake. Tukamwita mama apande juu kwa kisingizio kwamba bomba linavuja. Akaingia, taa zikazimwa, tukaimba.

Hakutabasamu. Aliitazama keki mpaka wimbo ukaisha. Nikampa kisu, akakipokea, nikajua anakata. Hakukata. Alikilaza ubapa, akakwangua jina taratibu, herufi baada ya herufi, krimu akaiweka pembeni ya sahani. Akakiweka kisu chini, akasema sentensi moja: "Bu pasta benim değil." Keki hii si yangu. Akashuka ngazi na soksi, ndala zake akaziacha mlangoni kwangu. Dayı akainuka akimwita, "Dursune, dur! Dursune!" akamfuata na fimbo yake. Sisi tukabaki gizani mpaka ile 7 ikainama.

Hilo jina la Dursune nimelisikia kwa dayı tangu nimeolewa, nikadhani ni la utani. Usiku ule ndipo alipotueleza. Kwao ni kijijini, mkoa wa Erzurum. Alikuwepo dada yao aliyeitwa Hatice, akafa kwa surua akiwa na miaka kama miwili. Baadaye akazaliwa mama mkwe. Baba yao hakwenda tena kuandikisha. Yule mtoto mpya akapewa karatasi za marehemu, jina, tarehe na kila kitu. Nilipouliza sasa mama kazaliwa lini, dayı akasema tu "koç katımında, 1957", akavaa koti lake akaondoka. Hakuna kati ya wajukuu aliyeelewa, na mume wangu, mtoto wa mjini, naye akainua mabega.

Leo wiki ya tatu. Salamu zangu anaitikia. Supu inaletwa juu kama kawaida, ila anampa mtoto wa shemeji ailete, haji mwenyewe. Ndala zake bado ziko mlangoni kwangu, sijui nizirudishe au nitaonekana namfukuza.

Mume wangu anasema dawa ni mahakama. Kaingia kwenye tovuti ya serikali ya e-Devlet, kafungua mti wa ukoo, kakuta upande wa mama watoto wanne tu, wote wakubwa, hakuna aliyefariki utotoni. Kwenye daftari huyo mtoto hakufa kabisa! Anataka kumfungulia mama kesi ya kurekebisha jina na umri, ampe hukumu kama zawadi ya kumwomba radhi. Mama yangu Tanga kwa upande wake ananiambia mambo ya bethidei nilijitakia.

La mwisho, Shangazi, ndilo linaloninyima usingizi. Ni mjamzito, natarajia mwezi wa nne, na ni mtoto wa kike. Tulishakubaliana tumwite Hatice, jina la bibi yake. Sasa?

Wako,
Mkamwana, Bursa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye neno ulilolipita mbio.

Miaka tisa nilikuwa nakwenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo, pale Laleli, na Kituruki changu ni cha kupatana bei. Ila jina la Dursun nalijua, kwa sababu dalali wangu aliitwa hivyo na siku moja tukisubiri mizigo nilimuuliza maana yake. Dur ni simama, kaa. Dursun ni akae, abaki. Akaniambia kabla yake mama yake alizika wawili. Dursune ni hilo hilo la kike. Wapo pia kina Yaşar, anaishi, na kina Durmuş, amebaki. Ni majina ya watoto waliozaliwa kwenye nyumba zenye makaburi madogo, mzazi anaomba kwa kumwita mwanawe. (Wako na kina Yeter, inatosha, mara nyingi binti wa nyumba iliyokuwa inangoja mvulana. Hayo tuyaache.) Wewe unatoka kwenye kina Mashaka na Tabu na Shida, hili halikuhitaji mkalimani, lilihitaji uulize.

Sasa isome tena keki yako. Umeandika kwa krimu "heri ulizaliwa Hatice", ukaiweka mbele ya mtu ambaye kwao aliitwa Abaki kwa sababu Hatice hakubaki. Ukampa na kisu.

Sikuandikii hivi kukuumiza. Ulichofanya ulikifanya kwa mapenzi na kwa kuamini kadi ya serikali, na kila mgeni angeiamini. Lakini tarehe kwenye kadi ya Mturuki wa umri ule si kitu cha kupigia hesabu kwenye foleni. Fikiria kijiji cha Erzurum miaka ya 1950. Theluji inafunga njia miezi. Ofisi ya nüfus, yaani ya kuandikisha watu, iko makao ya wilaya, na baba anashuka huko akiwa na shida nyingine: mnyama wa kuuza, kodi, daktari. Mtoto anaandikishwa siku baba alipofika, pengine mwaka mzima baadaye, pengine wawili kwa mpigo. Karani anauliza kazaliwa lini, baba anajibu kwenye baridi kali, karani anaandika Januari mosi. Ndiyo maana benki za Uturuki zina kazi kubwa siku hiyo. Wengine walipunguziwa umri ili wachelewe kwenda jeshini, wengine wakaongezewa ili ndoa iandikike. Na mtoto akifa, nani atafunga safari kwenda kutangaza msiba kwa karani? Karatasi inabaki kwenye kibweta. Akizaliwa mwingine wa jinsia ile ile, karatasi ipo na mtoto yupo. Baba yao hakuwa katili. Alikuwa mkulima mwenye karatasi moja na watoto wawili, mmoja yuko chini ya ardhi.

Hata vitabu vyao vya zamani vina kalenda mbili. Mpaka mwisho wa 1925 miaka ilihesabiwa kwa kalenda ya Rumi, ya enzi za Waosmani, na mtu aliyeandikiwa 1327 inabidi umwongezee 584 upate 1911. Hii tunayoitumia sote ilianza rasmi kwao Januari mosi 1926. Na Atatürk mwenyewe, baba wa taifa lao, kinachoandikwa ni mwaka tu, 1881. Siku haijulikani. Tarehe 19 Mei ndiyo ikachukuliwa kuwa yake, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1919 ndipo alipotua bandari ya Samsun kuanza vita vya ukombozi. Kwa hiyo watu wazima wa huko ukiwauliza umri hawaoni ajabu kukujibu mara mbili: kwenye kitambulisho hivi, kwa ukweli hivi.

Mama mkwe wako kaishi na majibu mawili maisha yake yote. Ila lake ni zito kuliko la mwenye kukosewa miezi, maana lililokosewa si tarehe tu, ni nani. Piga hesabu nyingine, mwanangu, maana hesabu unazipenda. Kwa karatasi ni wa 1955, kwa kaka yake ni wa 1957. Muulize mumeo wazazi wake walioana mwaka gani, utoe. Umri utakaoupata upande wa karatasi ndio aliouona karani wa ndoa. Ule mwingine ndio aliokuwa nao yeye.

Tuje kwa mumeo na mahakama yake. Mwambie Shangazi kasema atulie, na hii hapa sababu.

Ni kweli kwamba kwao rekodi ya nüfus haiguswi bila hukumu ya mahakama, na kesi za kurekebisha umri, yaş düzeltme, wanazifungua kila siku. Mahakama inatazama kama mtu alizaliwa hospitali, inaita mashahidi, inalinganisha na tarehe za ndugu ili isije ikaonekana mama mmoja kazaa mara mbili ndani ya miezi mitano, na kwa kijana inampeleka kupigwa picha ya mifupa. Kwa mama wa umri huu mifupa haina la kusema, imeshaacha kukua zamani. Tena yake si kesi ya umri peke yake. Ili yeye awe Dursune wa 1957, inabidi kwanza Hatice wa 1955 afe kisheria. Nani aliolewa basi? Nani kamzaa mumeo? Kadi yake mumeo nyuma imeandikwa jina la mama: Hatice. Hati ya nyumba je? Umesema mama alifanya kazi? Hukusema, lakini wanawake wengi wa Bursa wa rika lake wamepitia viwanda vya nguo, na kama ana pensheni, sheria yao ya hifadhi ya jamii, namba 5510, inashika tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye daftari siku mtu alipoandikishwa bima kwa mara ya kwanza. Ukishinda kesi baadaye, pensheni haikutambui. (Sheria hiyo hiyo, kwa mtu asiye na mwezi wala siku kwenye daftari, inamhesabu amezaliwa Julai mosi. Karani Januari, pensheni Julai. Serikali moja hiyo.)

Haya yote wakili anaweza kuyapangua kwa muda na fedha. Lakini kuna swali ambalo hakuna kati yenu aliyemuuliza mwenyewe: je, anataka? Umenieleza mumeo kakuta kwenye e-Devlet kwamba Hatice hakufa. Mimi nimekaa na sentensi hiyo. Inawezekana mama yenu kambeba dada yake mgongoni miaka 67 kama mzigo anaotamani kuutua. Inawezekana pia kambeba kama anavyobebwa mtoto, na hukumu ya kumtangaza marehemu itakuwa msiba wa pili, safari hii yeye ndiye aliyeomba. Simjui. Nanyi hamumjui bado. Mahakama si zawadi ya kumshtukiza mtu. Mmeshamshtukiza mara moja, imetosha.

Sasa kuomba radhi.

Ndala zirudishe leo. Zisafishe kwanza. Shuka peke yako, bila mume, bila mtoto wa kutumwa, bila sahani ya kitu chochote, maana ukienda na sahani atajikuta anashughulika kukukaribisha badala ya kukusikiliza. Nenda saa ambayo yuko jikoni. Mwenye kazi mkononi anaongea vizuri kuliko aliyekalishwa kwenye kochi. Mbusu mkono uuweke kwenye paji la uso kama mnavyofanya siku za bayram, yaani sikukuu, hilo nina hakika unalijua. Usianze na "sikujua". Ni kweli hukujua, na yeye anajua hukujua, na ukilitanguliza atalazimika kukupoza wewe. Mwambie, hakkını helal et anne, nihalalishie haki yako, mama, niliweka jina lisilo lako kwenye keki. Halafu nyamaza. Mchukulie kisu umenye vitunguu. Akilia, endelea kumenya.

Akikaribisha mazungumzo, siku hiyo au baada ya mwezi, muulize habari za Hatice. Umemwona mtu aliyempoteza ndugu asiyemkumbuka? Anachojua ni alichosimuliwa na mama yake: alifanana na nani, alipenda nini, kalazwa wapi. Pengine tangu mama yake afariki hakuna aliyemuuliza. Na kama utaona moyo umefunguka, kuna jambo wewe mtu wa Tanga unaliweza kuliko wote nyumbani humo. Bursa unayokaa ndiyo aliyoishi Süleyman Çelebi, aliyetunga mevlit ya Kituruki mwaka 1409, na mpaka leo Waturuki wanaisoma kwenye misiba, kwenye arobaini ya mtoto, kwenye harusi. Ni maulidi, mwanangu, dada wa Barzanji yetu, na neno lenyewe maana yake ni kuzaliwa. Mpendekezee, kwa sauti ya chini, isomwe mevlit kwa ajili ya mtoto Hatice. Akikubali, wewe kaanga helva ya semolina. Akikataa, usirudie.

Na mama yako Tanga mwambie aache hilo la bethidei. Sisi wenyewe tulikuwa tukisema fulani kazaliwa Mfungo Sita, fulani mwaka wa njaa, na hatukusema hakuzaliwa.

Hapo nafika kwa koç katımı, ambalo mumeo kaliinulia mabega. Ni siku za kuwaachia kondoo madume waingie kwa majike. Madume yanatengwa kiangazi, kisha vuli yanapakwa hina au rangi, yanafungwa vitambaa, watoto wanakimbia nayo, yanaachiwa. Wafugaji wanahesabu miezi mitano mbele, ili wana-kondoo wazaliwe nyasi zikichomoza. Wazee wa Anatolia, yaani bara la Uturuki, mwaka wao una nusu mbili: siku za Hızır kuanzia tarehe 6 Mei, na siku za Kasım kuanzia tarehe 8 Novemba, kama wazee wetu wa pwani walivyokuwa na kusi na kaskazi. Koç katımı inaangukia pale mwaka unapogeuka, Oktoba kuingia Novemba. Kwa hiyo dayı hakukuficha kitu. Alikupa tarehe kamili kuliko ya kadi. Mama yake alipokuwa na uchungu, nje watoto walikuwa wanapiga kelele na madume yenye hina, na mtu akakumbuka.

Vuli ikija usiagize keki. Narudia, usiagize. Asubuhi moja baridi ikianza kuingia, shuka na chai na simit mbili za moto, mikate yao ya duara, muulize kama kwao madume yangekuwa yameshaachiwa. Atajua umeuliza nini. Akitaka mishumaa siku moja, atawaambia, na jina la kuandika atawaambia.

Mumeo aingie jikoni naye, lakini siku nyingine. Ana la kwake la kuuliza, na halifanani na lako: miaka 35 kamwita mama tu, hakuwahi kujua jina lake.

Tumebakiwa na mtoto. Jina la Hatice halina kosa. Ni Hadija wetu, mke wa Mtume, na Tanga nzima imejaa kina Hadija. Ila mlilichagua mkidhani ni la bibi, kumbe ni la dada wa bibi aliyekufa na miaka miwili, na lilishavaliwa na mtu mwingine mara moja. Mkimpa mtoto bila kumuuliza mama, mtakuwa mmerudia keki, safari hii kwa karatasi. Dursune nalo msilikimbilie kwa kutaka kumfurahisha. Ni ombi la mtu aliyefiwa, na wewe hujafiwa, Mungu akuepushe.

Mtoto akizaliwa, mpelekee mikononi. Huko kwao mkubwa wa nyumba ndiye anayemwadhinia mtoto na kumtajia jina sikioni mara tatu, na mara nyingi ni mwanaume. Dayı yupo, atakuja na fimbo yake. Lakini kabla dayı hajafungua mdomo, mbele ya watu wote, muulize mama: "Anne, tumwite nani?" Pengine atasema Hatice. Pengine atataja jina ambalo hamjawahi kulisikia. Pengine atanyamaza, na akinyamaza msimharakishe, wala mumeo asiende mbio ofisini siku ya pili na karatasi ya hospitali. Kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya Uturuki sheria yao inawapa siku 30 za kuandikisha.